Petroli ya Akiba ya Mwalimu

Kutoka kwetu Kombewa hadi Kisumu mjini ni lami tupu, na kando ya hiyo lami vituo vya petroli vimepangana hivi kwamba mama mwenye mtoto mgongoni angeweza kutoka kimoja hadi kingine kwa miguu bila kuhema. Ukikaribia mjini havihesabiki tena. Hiyo ndiyo safari ambayo Mwalimu, kwa miaka yote niliyomjua, aliifanya akiwa amebeba lita themanini za petroli ya akiba.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, lile fupi la kupanda milima, milango miwili na gurudumu la ziada mgongoni. Sisi tuliliita kigari. Nyuma ya viti vya mbele, mahali ambapo watu wengine huweka watoto, Mwalimu aliweka mitungi minne ya chuma, ya kijani, ya lita ishirini ishirini. Kila mmoja ulikuwa na jina lake kwa rangi nyeupe: Mathayo, Marko, Luka, Yohana. Rangi aliinunua kwangu. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi mkabala na kanisa, na Mwalimu alikuwa mteja ambaye mwenye duka humwombea maisha marefu. Kamba alinunua kwangu, faneli alinunua kwangu, mpira wa kunyonyea mafuta, brashi, makufuli, vyote kwangu. Ningekuwa na akili ya biashara ningenyamaza na kupokea. Lakini mdomo wangu haujawahi kunisikiliza, na isitoshe mke wake alikuwa rafiki yangu.

Alikuwa amestaafu kufundisha jiografia, ila kustaafu ni jambo ambalo aliambiwa tu, mwenyewe hakulisikia. Mtu akija dukani kutafuta misumari ya inchi tatu alirudi nyumbani na misumari pamoja na somo. "Petroli haibebwi ndani ya gari," Mwalimu alimwambia, ameegemea kaunta yangu. "Inabebwa nje, nyuma, na chini. Mtungi uwe wa chuma au ule uliotengenezwa kwa kazi hiyo, si huu wenu wa mafuta ya kupikia. Usiujaze mpaka mdomoni, jua likiupiga mafuta yanatanuka. Unapoujaza, uweke chini ardhini kwanza. Na usiweke juu ya paa, kwa sababu gari fupi likiwa na mzigo kichwani linalala kwenye kona." Kila neno lilikuwa kweli. Fundi mmoja alisikiliza hadi mwisho, akatazama nje, akaona Injili nne zimepangwa ndani ya kigari, nyuma ya kiti cha dereva.

"Mwalimu, na hizo zako?"

"Hao nikiwaweka nje wataibiwa."

"Sasa si zitalipuka huko ndani?"

"Hawalipuki. Nimewafunga kamba."

Mke wake tulimwita Mama Mwalimu. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, kiongozi wa akina mama kanisani kwetu. Harufu ya petroli ilikuwa ikimgeuza tumbo. Hakuwa anajidai, niliwahi kumwona akipanda kigari kile, na kabla hawajafika kwenye geti la boma alikuwa ameshatoa kichwa nje na chai ya asubuhi imemwagika yote. Kwa hiyo Mama Mwalimu alikwenda kanisani kwa bodaboda. Na kwa kuwa Mwalimu alimpenda na hakuwaamini waendesha boda, alimfuata nyuma na kigari, taa zimewashwa, mwendo wa ng'ombe. Kila Jumapili tuliona msafara huo: mama kwenye boda, mkoba mapajani, amekaa upande, nyuma yake mume mwenye gari, peke yake na wainjilisti wanne. Wageni waliuliza kama kuna harusi.

Siku moja Mama Mwalimu aliketi dukani kwangu akisubiri mvua ikatike, akaniambia jambo ambalo sikulisahau. "Mimi sitaki vitu mingi. Nataka tu siku moja nishuke kwa gari ya bwanangu, mlangoni kwa kanisa, watu wakiniona. Basi." Alicheka kidogo baada ya kusema hivyo, akatazama mvua. Nilihisi uchungu wa kweli. Kigari kiliegeshwa pale pale mbele yetu, na kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

Msinielewe vibaya, Mwalimu hakuwa mchoyo. Alikuwa mtu wa kukupa mahindi kabla hujaomba. Akivua samaki wawili alikuuliza unataka yupi. Watoto wa jirani walikula kwake na kulala kwake. Ni petroli tu. Kijana wa boda akiishiwa mafuta njiani, Mwalimu alisimama. Hakuwahi kumpita mtu aliyekwama.

"Mwalimu, niwekee kidogo tu, hata ya chupa, nifike stesheni ya mafuta."

"Hii ni ya dharura."

"Si hii ndio dharura sasa?"

"Hapana, kijana wangu. Huu ni uzembe."

Kisha anakifunga kigari, anakunja mikono ya shati, na anasukuma ile pikipiki pamoja na kijana, jua la saa saba, hadi kituo cha petroli, akimfundisha njiani jinsi mvua za ziwa zinavyotokea. Halafu anarudi kwa miguu. Nimewahi kuwaona wawili hao wakipita mbele ya duka, jasho likiwatiririka, na kigari chenye lita themanini kimeachwa huko nyuma kando ya barabara. Vijana walimcheka, lakini hakuna aliyewahi kumsema vibaya.

Na sheria hiyo haikuwa ya wengine peke yao. Tangi lake likikauka, na lilikauka mara kwa mara kwa sababu mtu mwenye akiba hatazami mshale, hakugusa mitungi. Alishuka, akachukua kichupa, akatembea kwenda kununua lita moja. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama anayemtazama mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani. "Jirani, akiba ukiitumia unabaki na nini?" Sasa najua kwamba swali lenyewe lilikuwa bovu.

Fundi wake wa Kondele alijaribu kumwonya kwa njia nyingine. Alifungua Luka, akanusa, akakunja uso.

"Mzae, hii mafuta imelala sana. Imechacha."

"Petroli si maziwa."

"Ni maziwa tu, Mzae. Weka kwa tangi uone vile gari itakohoa."

Mwalimu alifunga Luka na kubadilisha fundi.

Kwa nini aliibeba? Ilitegemea ulimuuliza siku gani. Kuna siku ilikuwa kwa sababu zamani alifundisha huko kaskazini, kwenye jangwa, ambako lori lao lilikwama na wakanywa maji ya rejeta. Siku nyingine ilikuwa kwa sababu ya ule wakati vituo vyote vya mjini vilipofungwa na watu wakapanga foleni na madebe. Mara nyingine alisema barabara ya Maseno ina mlima. Polisi mmoja wa kizuizi cha barabarani alimuuliza amebeba nini huko nyuma, akajibu bila kupepesa, "Mathayo, Marko, Luka na Yohana," na polisi akampigia saluti akamwambia, "Pita, Pasta, tuombee." Alitusimulia kisa hicho mara nyingi sana, na kila mara saluti ilikuwa ndefu zaidi.

Lakini kisa ambacho Seme nzima, eneo letu lote, inakijua ni cha mazishi ya mjomba wangu, na hicho nitakisimulia mimi kwa sababu maiti ilikuwa ya kwetu. Kwetu gari haliendi mazishini na mafuta yake. Kamati ya mazishi ndiyo huweka mafuta kwa kila gari la msafara, na kila mwenye gari analijua hilo, kwa hiyo wiki ya mazishi hakuna anayeweka hata tone. Anakuja mochari na tangi limekauka, ananyoosha mkono kwa kamati, anapewa kiasi cha kumfikisha na kumrudisha. Watu wa kamati nao ni binadamu; wanapima kwa jicho. Siku ile walipima vibaya. Tulitoka Kisumu tukipiga honi, matawi yamefungwa kwenye magari, matarumbeta yakilia, na pale lami inapoisha na murram kuanza, gari la maiti lilikohoa likazima. Kumbe hata dereva wa gari la maiti alikuwa amekuja mkavu kama wenzake. Nyuma yake magari mengine yalikuwa yamebakiza mafuta ya kufika tu, na hakuna aliyekubali tangi lake linyonywe.

Macho yote yakageukia mwisho wa msafara, kwenye kigari.

"Mwalimu," mzee wa kamati alisema, "toa hiyo mafuta, bwana. Mtu anaenda kuzikwa."

Mwalimu alivua kofia. Alifikiri kwa muda wa heshima. "Ndugu zangu," akasema, "dharura ni ya mtu ambaye bado anaweza kusaidika. Marehemu hana haraka."

Shangazi yangu, ambaye alikuwa amelia tangu mochari, alinyamaza papo hapo. Mimi nilitaka kumzaba kofi, na nisingekuwa nimebeba picha ya marehemu ningemzaba. Lakini hata kabla hatujapata maneno ya kumtukana, alikuwa ameshachomoa kamba, kamba ya duka langu, amelala chini ya gari la maiti kwa suti yake nyeusi, anafunga. Na akalivuta. Kigari kile kifupi kilivuta gari la maiti kwenye murram, kwenye makorongo, kikitoa moshi na kulia, na mjomba akafika kwake akiwa amefungwa nyuma kama ndama anayepelekwa sokoni. Jioni nilimkabili. Nilimwambia ametumia petroli nyingi kuvuta kuliko ile tuliyomwomba. "Hiyo ilikuwa ya tangi, Jirani," akajibu kwa upole. "Ya tangi ni ya kutumia."

Siku tulipomzika Mwalimu mwenyewe, baadaye sana, kila gari lilikuja na tangi limejaa. Hakuna aliyetangaza, na kamati ilibaki na mafuta isijue pa kuyapeleka.

Sasa turudi kwa Mama Mwalimu, maana kicheko changu kiliishia kwake. Nyonga ilianza kumsumbua. Kwanza alichechemea, kisha akachukua fimbo, kisha ikafika siku ambayo kupanda boda kulimshinda, hata vijana wawili walipomshika huku na huku. Matatu nazo zilikuwa mbali, juu ya barabara kuu. Akaacha kuja kanisani. Akina mama walimchagua mwingine awaongoze, kwa muda, walisema, lakini sote tulijua muda wa namna hiyo unavyokuwa. Jumapili alikaa barazani akiisikia kengele. Na mume wake alipita mbele ya duka langu peke yake, suti, kofia, na mitungi yake minne.

Nilimsimamisha katikati ya barabara. "Mwalimu, umepeleka Injili nne kanisani, mke umeacha nyumbani. Huko mbinguni watakuuliza nini?"

Kesho yake alikuja kununua kamba nyingine, na nikajua ameanza kufikiri, na nikaogopa. Kweli. Aliichukua mitungi yote akaifunga juu ya paa, pale pale alipowakataza watu kuiweka, ili mama akae ndani apate hewa. Alikijaribu kwanza peke yake. Kwenye kona ya kushuka mtoni kigari kililala ubavu, polepole, ndani ya shamba la viazi vitamu la mtu. Tulipofika tukikimbia, Mwalimu alikuwa amesimama kando na mkwaruzo kwenye paji la uso, anakagua vifuniko kimoja kimoja. "Hakuna hata tone lililomwagika," alitutangazia. Mwenye shamba alimuuliza kama viazi navyo angependa kuvikagua.

Mitungi ikarudi ndani.

Basi ikafika asubuhi ambayo Mama Mwalimu hakuweza kusimama kabisa. Alipaswa kupelekwa hospitali ya Kombewa, na Mwalimu akambeba mwenyewe, akamweka kwenye kile kiti cha mbele, madirisha yote wazi. Nilikuwepo. Aliziba pua kwa leso, akafumba macho, akajitahidi, masikini, alijitahidi kwa moyo wote. Getini alitapika. Maumivu ya nyonga na kutapika kwa pamoja, mtu hatakiwi kuvionja. Aliomba ashushwe. Aliketi kwenye nyasi, akafuta mdomo, akamtazama mume wake. "Mimi sikuolewa na mtu," alisema, bila kupaza sauti. "Niliolewa na kituo cha petroli."

Niliagiza pikapu yangu iletwe. Mama Mwalimu alikwenda hospitali akiwa amelazwa kati ya mifuko ya saruji, nami nimemshika kichwa, na Mwalimu akatufuata nyuma, taa zimewashwa.

Nilimkuta baadaye kwenye benchi nje ya wodi. Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima. Nikamuuliza tu, "Hiyo dharura umekuwa ukiingojea ni ipi, Mwalimu?"

"Ndiyo hii," akasema. "Imekuja, mitungi imejaa, na haikunisaidia kitu. Jirani, sijui hata nilikuwa naogopa nini." Halafu akalia, mwanamume mzima, mbele ya watu wenye kadi za kliniki mikononi. Maneno yangu makali yaliniishia, nikakaa naye.

"Mos, Japuonj," mama mmoja asiyetujua, aliyenisikia nikimwita Mwalimu, alimpa pole kwa Kijaluo, akampa leso.

Mama alirudi nyumbani na dawa na fimbo mbili. Mwalimu alitoa mitungi kwenye kigari, akaipanga nyuma ya zizi. Lakini petroli ya miaka yote ile ilikuwa imeshaingia kwenye viti. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa majivu, akasugua kwa ndimu. Aliweka mchaichai. Aliacha milango wazi mchana kutwa, na kuku wakataga humo. Kila jioni Mama Mwalimu aliletwa kwa fimbo zake, akaingiza pua, akatikisa kichwa, na Mwalimu akarudi kwangu kununua kitu kingine. Mwisho alikuja kutafuta spana na bolti ndefu. Sikuuliza za nini. Nilimpa, na kwa mara ya kwanza nilikataa kumuuzia, nilimpa tu.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nje ya duka. Ibada ya kwanza ilikuwa ingali ndani, mchungaji wetu akianza kuhubiri hamalizi, na uwanja wa kanisa ulikuwa mtupu kabisa. Nikasikia kigari kabla sijakiona, kwa kuwa kilikuwa kikikohoa na kutoa moshi mweusi njia nzima. Vijana wa boda walishanieleza asubuhi ile, bado wakishangaa: Mwalimu alikuwa amewamiminia Luka na Yohana bure, kila mmoja kiasi chake, na Mathayo na Marko amewatia kwenye tangi lake mwenyewe.

Kilipotokea kwenye kona sikuamini. Viti vyote alikuwa ameving'oa. Mlango wa upande wa abiria haukuwepo. Mahali pa kiti cha mbele alikuwa ameifunga kwa bolti sofa ya mtu mmoja kutoka sebuleni kwao, na kitambaa cha kufuma kingali mgongoni mwake. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi juu ya kreti la soda. Na kwenye sofa, amefungwa kwa kanga kiunoni asianguke, sare ya akina mama imepigwa pasi, kitambaa kichwani, fimbo mbili mapajani, upepo ukimpiga kutoka kila upande, alikuwa Mama Mwalimu. Tumbo lake lilikuwa limetulia. Uso wake sijui niuelezeje. Nilianza kupiga vigelegele peke yangu pale barabarani.

Kigari kilisimama mlangoni kwa kanisa. Mwalimu alizunguka akampa mkono ashuke. Mama Mwalimu aliutazama uwanja, kushoto na kulia. Akautazama mlango wa kanisa uliofungwa.

"Hapana," alisema. "Sishuki."

"Ni nini tena? Inanuka?"

"Hainuki. Lakini watu wako wapi? Nashukia nani hapa? Zungusha."

Mwalimu alirudi kwenye kreti lake. Walizunguka soko, wakapita kwenye mabanda ya samaki, wakapita kituo cha petroli, wakarudi. Uwanja ulikuwa bado mtupu, mchungaji akisikika ndani akipanda sauti. Mama Mwalimu alitikisa kichwa. Wakazunguka tena. Yule mtu aliyekuwa akitembea na kichupa ili asipoteze tone alikuwa sasa anachoma petroli bila kwenda popote, anazunguka Kombewa kama nzi, kofia imekaa upande, na kila walipopita mbele yangu mama alinipungia mkono kama mke wa gavana. Kigari kilikohoa, kikakata, kikashika tena.

"Mwalimu!" nilimpigia kelele. "Hiyo mafuta itaisha!"

Hakupunguza mwendo. "Yaishe, Jirani," akanijibu akipita. "Bado hawajatoka."